Kisanduku Kilichonyamaza Ndani ya Basi

Kazi ninayojivunia kuliko zote nilizozifanya ni kisanduku cheusi cha plastiki, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kitufe kimoja chekundu. Kinafungwa kwenye mabasi ya skuli, nyuma kabisa, karibu na kiti cha mwisho. Dereva akizima injini, kisanduku kinaanza kulia taratibu. Hapo dereva lazima ainuke, apite katikati ya viti mpaka nyuma, aangalie kila kiti kama kuna mtoto aliyesinzia, kisha abonyeze kitufe. Zikipita dakika mbili hakijabonyezwa, honi iliyo juu ya paa inapiga mpaka majirani watoke nje, na ujumbe unakwenda kwenye simu ya mkuu wa skuli.

Kwa anayekaa Maskati hapana haja ya kueleza kwa nini kitu hicho kinatakiwa. Mchana wa kiangazi ukisahau chupa ya maji ndani ya gari, ukirudi huwezi kuishika. Sasa mfikirie mtoto wa chekechea.

Programu ya kisanduku hicho niliiandika mimi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nyumbani nikiulizwa kazi yangu nilijibu "kompyuta," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kazini tulikuwa watu watano, kwenye ghorofa ya juu ya nyumba moja mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, chini yetu duka la maua. Mudiri wetu, yaani meneja, alikuwa Mmanga wa Unguja, Mwarabu wa Oman aliyetokea kisiwani, kama watu wa kwetu. Mimi na yeye tukisema Kiswahili mpaka aingie mtu wa tatu, hapo tukageuka Kiarabu au Kiingereza bila hata kujijua. Mtu wa tatu mara nyingi alikuwa mhandisi wetu, Mhindi wa Kerala, mtu wa makamo, mpole, aliyeishi Maskati muda mrefu kuliko umri wangu. Yeye ndiye aliyetengeneza kile kisanduku kwa ndani: nyaya, betri, honi na taa. Mimi nikakipa akili. Ndivyo nilivyokuwa nikisema wakati ule, "mimi nimekipa akili," na mhandisi akicheka tu.

Kuna jambo moja katika kazi yetu lazima nilieleze, maana bila hilo hadithi haiendi. Linaitwa hakikisho. Ni mstari unaouweka katikati ya programu kusema jambo unaloamini kuwa ni kweli mahali pale. Kwa mfano: hapa saa haiwezi kurudi nyuma. Hapa betri haiwezi kuwa tupu. Programu ikifika kwenye mstari huo na ikaona mambo si hivyo, inasimama papo hapo na kukutajia namba ya mstari. Haikubali kuendelea na uongo wako. Nilifundishwa jambo hili chuoni na mwalimu mmoja mwanamke, mwenye sauti ndogo sana hata ikabidi darasa zima linyamaze ili kumsikia. Akituambia, "Andika unachokiamini, kisha iache mashine ikukatalie."

Wanafunzi wenzangu waliona ni uvivu wa mwalimu kutuongezea kazi. Mimi nilipenda. Nilipoanza kazi ya kisanduku niliyajaza mahakikisho kila ukurasa. Kisanduku kilikaa juu ya meza yangu wiki nyingi, na kila kilipokataa jambo, taa yake ilimulika kwa kuhesabu namba ya mstari. Mara moja kilikataa kwa sababu niliamini dereva hawezi kubonyeza kitufe kabla injini haijazimwa. Kumbe anaweza, mhandisi alikuwa akikichezea kitufe kwa kidole chake kila akipita mezani kwangu kuchukua chai. Nikasahihisha. Kila kosa lililotoka kwa njia hiyo lilinipa furaha. Nilijiona fundi.

Mahakikisho yanaandikwa kwa makro, yaani neno moja fupi ambalo kompyuta hulipanua lenyewe kuwa mistari kamili kabla ya kuigeuza programu kuwa lugha ya mashine. Ukitaka, unaizima makro hiyo kwa neno moja, na mahakikisho yote yanatoweka kwa pamoja kana kwamba hujayaandika. Watu wengi hufanya hivyo. Mezani wanayawasha wapate kusaka makosa. Bidhaa ikienda kwa mteja wanayazima, iwe nyepesi, na isije ikasimama mbele za watu.

"Yazime," mudiri aliniambia wiki tuliyokuwa tunapeleka visanduku vya kwanza. "Mteja hataki kitu kinachogoma njiani."

Nikayazima. Sikubisha, wala sikuona la kubisha.

Skuli ya kwanza kutukubalia majaribio ilikuwa ya watu binafsi, mtaa wa Hail, na ilikuwa na mabasi matatu madogo. Mawili yakiendeshwa na wanaume, la tatu na mama mmoja mtu mzima aliyezaliwa Unguja, akaja Oman msichana, akafiwa na mumewe, akachukua leseni ya basi wakati wanawake waliokuwa nayo wanahesabika. Alivaa glavu nyeupe kwa ajili ya jua, na basi lake lilinukia udi mpaka kwenye ngazi.

"Sabalkheri, mama," nilimwambia siku tuliyokwenda kufunga.

"Sabalkheri, binti yangu. Hiki ndicho kitakachonisimamia?"

"Hakikusimamii. Kinakukumbusha tu."

"Mimi sisahau. Kila siku nnapita nnashika kiti kimoja kimoja kwa mkono, hata kama nnaona hakina mtu." Akakitazama kisanduku, akakitazama na kitufe. "Lakini binadamu ni binadamu. Haya, kifunge."

Tulikifunga. Tukazima injini, kikalia. Tukabonyeza kitufe, kikanyamaza. Honi hatukuingoja. Dakika mbili ndani ya basi lililozimwa ni nyingi, jasho lilikuwa linatutiririka, na mezani nilikuwa nimeshaisikia honi hiyo mara zisizo na idadi. Tukafanya hivyo hivyo kwenye mabasi mengine mawili, tukarudi ofisini tunajipongeza.

Wiki ya pili, Alhamisi mchana, nikapigiwa simu na yule mama.

"Mwanangu, kisanduku chako kimenyamaza."

"Kimeharibika? Hakilii?"

"Kulia kinalia, ti, ti, ti. Lakini leo nimewashusha watoto wote, nikazima gari, nikakaa kitini pangu makusudi. Nikasema, hebu nimwone mlinzi wangu atanifanya nini. Kikalia wee, kisha kikanyamaza. Nimevuta tasbihi mara mbili nzima. Hakuna honi, hakuna kitu."

"Labda kimebonyezwa bila ya wewe kujua, mama."

"Na nani? Nipo peke yangu."

Nikamwomba awaambie wale madereva wenzake wasikitegemee kisanduku hata kidogo mpaka niwaambie. "Nimeshawaambia," akajibu. Nikachukua ufunguo wa gari nikaenda Hail.

Nilimkuta ananingoja chini ya kibanda cha skuli. Tukaingia basini wote wawili, akawasha injini, akazima. Kisanduku kikalia. Nikatazama saa ya mkononi. Dakika moja. Mbili. Kikanyamaza. Tatu. Nne. Yule mama alikuwa amekunja mikono kifuani. Nikarudia tena kutoka mwanzo. Kikanyamaza tena.

Ofisini nilikichukua kisanduku changu cha mezani, kile kile cha siku zote, nikakijaribu mbele ya mudiri na mhandisi. Dakika mbili, honi ikapiga. Mudiri akaziba masikio.

"Unaona?" nikasema. "Programu iko sawa. Imepita kwenye mahakikisho yote. Tatizo liko kwenye basi."

Mudiri akamgeukia mhandisi. Mhandisi akashika kidevu. "Inawezekana joto," akasema. "Au waya wa honi. Nitaangalia kesho."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, na yake pia. Nilimwacha aende. Hili ndilo jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unanipata moto. Sikusema "twende wote." Nilikuwa na yakini.

Ijumaa baada ya sala mama yangu aliandaa chakula, tukakaa. Nikamhadithia kijuujuu, kwa namna ambayo msikilizaji angedhani mimi nimedhulumiwa.

"Na huyo Mhindi sasa yuko wapi?" mama akauliza.

"Hail, ndani ya basi."

"Saa hizi? Na jua hili?" Akaweka kijiko chini. "Wewe unakula pilau na mwenzio yuko juani kwa kazi yenu nyote? Inuka. Mpelekee chakula. Nnakufungia sasa hivi."

"Mama, yeye hali nyama."

"Basi nnampa wali na mchuzi wa dengu na embe. Inuka."

Nikaenda na mkebe wa chakula na chupa ya maji baridi. Basi lilikuwa limesimama kwenye ua wa skuli, milango yote wazi, na yule mama dereva amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki kwa sababu funguo ni zake na hakutaka kumwachia mtu. Mhandisi alikuwa amelala chali baina ya viti, shati limemganda mwilini, kifuniko cha paa kimefunguliwa na nyaya zinaning'inia. Aliponiona akakaa, akapokea maji, akanywa chupa nzima kwa mkupuo.

"Nimeupima kila waya," akasema. "Betri nzima. Honi nzima, nimeiunganisha moja kwa moja imepiga, mama hapa ameruka kwenye kiti." Yule mama akaitikia kwa kichwa kuthibitisha, ingawa hakuelewa Kiingereza chake sawasawa. "Honi haipigi kwa sababu hakuna anayeiambia ipige. Nyaya zangu hazina kosa. Sasa angalia upande wako."

Hakusema kwa ukali. Akafungua mkebe, akanusa mchuzi, akaanza kula.

Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisini peke yangu na kisanduku cha basini, tulichokifungua Ijumaa ile. Nilijiambia nitafanya jambo moja tu, nalo ni kukitia kisanduku cha basini programu ile ile ya mezani, mahakikisho yote yakiwa yamewashwa. Nikafanya. Honi ikapiga. Nikakitia tena ile iliyopelekwa kwa mteja, mahakikisho yamezimwa. Kimya. Nikarudia mara ya pili, si kwa sababu nilikuwa na shaka, bali kwa sababu nilitaka dakika nne zaidi kabla ya kukubali.

Kisanduku kilikuwa kinafanya kazi pale tu kinapohakikiwa. Ukiuondoa uhakiki, kazi inaondoka nao. Hapo nikajua nitafute nini, nikaanza kupitia mahakikisho yangu moja moja. Sikwenda mbali.

Nilitaka kuhakikisha kwamba saa ya kuhesabu zile dakika mbili imeanza. Ilinipasa kuandika mistari miwili: mmoja unaoianzisha saa, na wa pili unaohakikisha kwamba imeanza. Mimi niliona ni ufundi kuandika mmoja. Amri ya kuanzisha saa niliitia ndani ya mabano ya hakikisho lenyewe. Ni kama msimamizi aliyeajiriwa kuthibitisha kwamba mlango umefungwa, kisha ukamwachia yeye huyo huyo aufunge. Siku ukimwachisha kazi msimamizi, mlango unalala wazi. Nilipoyazima mahakikisho, nilimzima msimamizi, na saa haikuanza kuhesabu tena hata mara moja. Kisanduku kililia mlio wake wa mwanzo, ambao hukoma wenyewe, kisha kikangoja dakika mbili ambazo hazikuwa zinahesabiwa.

Na kosa hili silo geni. Liko katika mambo ya mwanzo kabisa ambayo mwalimu wangu alitukataza. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilialikwa chuoni kuzungumza na wasichana wa mwaka wa pili, nikasimama mbele yao na kuwaambia kwa mdomo wangu, "Hakikisho ni jicho. Msilipe kazi ya mkono." Walikuwa wameandika kwenye madaftari yao.

Nililia kidogo. Kisha nikaosha uso, nikakaa, nikaandika mistari miwili.

Jumapili asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuwasha kompyuta yake, nikawaambia wote. Niliionyesha ile amri kwenye skrini, nikaeleza. Mhandisi akasogeza kiti karibu, akasoma mstari mara mbili.

"Mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja tu. Samahani. Nimekupotezea Ijumaa yako."

"Mchuzi ulikuwa mzuri," akasema, akarudi mezani kwake. Ndiyo yalikuwa malipo yake yote. Naapa ningependelea anigombeze.

Mudiri alinivuta pembeni, akageuka Kiswahili. "Sikiliza. Skuli hawajui kitu. Tuwaambie ulikuwa waya umelegea, tumeurekebisha. Si uongo mkubwa. Tukisema programu, watatuogopa."

"Siwezi kusema waya."

"Kwa nini? Nani atakayejua?"

"Mhandisi atajua. Yule mama alikuwapo wakati nyaya zinapimwa, naye atajua. Na mimi nitajua. Kosa ni langu, mudiri. Niache niseme mwenyewe."

Alikuwa mtu mwema. Hofu ndiyo iliyokuwa inamsemesha, maana kampuni ilikuwa changa. "Haya," akasema mwisho. "Lakini wakikasirika, lawama ni zako, si zangu."

Nilikwenda Hail siku ile ile. Mkuu wa skuli, bibi wa makamo mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza, hakunipa chai. Kisha akaniuliza swali moja: "Na kosa la namna hii likitokea tena, mtajuaje, ikiwa dereva wangu hakukaa kuvuta tasbihi?"

Nikamwambia bado sijui. Nikaomba wiki tatu.

Wiki hizo tatu ndizo ninazojivunia kuliko kisanduku chenyewe. Nilitupa makro ya zamani nikaandika yangu, tena mbili. Ya kwanza kwa mambo madogo ya mezani, inayozimwa kama zamani. Na nikaifunga kwa namna ambayo mtu akijaribu kutia amri ya kazi ndani yake, kompyuta inakataa kuitengeneza programu tangu mwanzo. Ya pili haizimwi. Inakwenda na kisanduku mpaka ndani ya basi na kukaa huko maisha yake yote. Jambo tunaloliamini likiwa si kweli, iwe saa haihesabu, au betri imeshuka, au kitufe kimekwama, makro hiyo haikiachi kisanduku kikae kimya. Inapiga honi, inamulika namba ya mstari, na kupeleka ujumbe.

Mudiri hakupenda. "Kwa hiyo kikiwa na shaka kitapiga kelele? Njiani? Mbele ya wazazi?"

"Ndiyo."

"Madereva watakikata waya siku ya pili."

"Tumuulize dereva."

Tukampigia simu yule mama, mudiri akaiweka sauti wazi tusikie sote. Nikamweleza.

"Kelele nnaiweza mwanangu," akasema. "Nna watoto ishirini kila asubuhi. Kisichosema ndicho kilichonitisha."

Mudiri akacheka, na kwa kicheko hicho nikajua nimeruhusiwa.

Kitu cha mwisho tulichofanya kilikuwa kigumu kuliko vyote, ingawa hakikuhitaji akili yoyote. Mimi na mhandisi tulikaa kwenye basi, injini imezimwa, tukangoja dakika mbili kamili, basi moja baada ya jingine, kwa programu ile ile itakayobaki humo, si ile ya mezani. Tulitoka tumelowa kama tuliotumbukia bahari. Honi zote tatu zilipiga. Yule mama alituletea maji ya ndimu.

Miezi michache baadaye mudiri alikodi ukumbi mdogo upande wa Bustan, ng'ambo ya mlima, akawaalika wenye skuli na wenye mabasi waje wakione kisanduku. Walikuja watu kumi na kitu. Mudiri alivaa dishidasha mpya, ile kanzu ya Kiomani, na kishada chake cha uzi shingoni kimetiwa marashi. Alizungumza vizuri sana. Alipofika pahala pa kuonyesha, mhandisi akachomeka waya, na kabla hata ya kuzima injini ndogo ya mfano tuliyokuja nayo, honi ikapiga. Ukumbi mzima ukashtuka. Mtu mmoja alimwaga kahawa.

Nilimwona mudiri akinitafuta kwa macho. Ilikuwa ndiyo ile aliyoiogopa, kisanduku kimegoma mbele za watu.

Nikaenda mbele. Nikaisoma taa. Ilimulika mara nne, ikapumzika, mara moja, ikapumzika, mara saba. Nikafungua karatasi yangu ya namba za mistari.

"Mstari wa mia nne na kumi na saba," nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika. "Kisanduku kinasema umeme unaoingia hautulii. Hakiwezi kuahidi kwamba honi itapiga itakapotakiwa, kwa hiyo kimeipiga sasa hivi."

Mhandisi alikuwa ameshainama. Akashika plagi, akaitikisa, akainua juu watu waone: waya mmoja ulikuwa umeng'oka nusu, yamkini kwenye kona za mlimani wakati tunakuja. Akaurudisha, akakaza skrubu. Honi ikanyamaza.

Watu wawili waliondoka baada ya hapo, wakisema wanataka kitu kisicho na usumbufu. Kati ya waliobaki, mwanamke mmoja mwenye skuli tatu akaniuliza, "Hivi vingine vinavyouzwa, vinafanya hivi?"

"Sijui, bibi. Ninachojua ni changu."

"Neno 'changu' umelisema vizuri," akasema, akamwita mudiri wakae wazungumze.

Baba zangu na babu zangu walikuwa watu wa kujisifu, kila mtu kwa lake, na nyumbani kwetu kujisifu hakuhesabiwi kuwa aibu ikiwa kitu chenyewe kipo. Lakini mimi nilikuwa nimejisifu kabla ya wakati wake, na nilikuwa bado naogopa kidogo neno hilo la "changu." Pale Bustan ndipo nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu bila ya kuniuma.

Mwaka uliopita nilisimama kwenye mkahawa mdogo wa barabarani, asubuhi, wa kupiga honi ukaletewa karaki, chai nzito ya maziwa, garini. Pembeni yangu lilisimama basi la skuli, tupu, kwenye kioo cha nyuma nikaona alama yetu. Dereva alikuwa Mwomani mzee wa bara, kutoka ndani ya nchi, ndevu nyeupe, anakunywa chai yake amesimama nje. Nikashusha kioo, nikamsalimu, nikamuuliza kama kisanduku kile kinamfaa.

"Kile?" akasema. "Kile ni balaa. Kila nikizima gari, kinalia. Siku moja kitufe kilikwama, kikapiga honi pale mbele ya msikiti, watu wote wananitazama mimi."

"Pole, ami."

Akanywa chai. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini wiki mbili zilizopita nilikwenda nyuma kukibonyeza, nimekasirika, nataka kwenda kulala. Nikakuta kiatu. Nikainama. Binti mdogo, wa darasa la kwanza, amejikunja chini ya kiti, amelala fofofo. Nilikuwa nimeshawahesabu. Nilihesabu vibaya." Akatikisa kichwa. "Nilimbeba mpaka kwa mwalimu wake. Mikono ilikuwa inanitetemeka, hata yeye mtoto aliniuliza kama nina baridi."

Nikaiweka glasi ya chai juu ya dashibodi.

"Ami," nikamwambia, "kile kisanduku nimekitengeneza mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Mimi na mwenzangu Mhindi."

Alinitazama kuanzia shela mpaka usukani, kama anayemkagua mtu aliyeletewa posa. Nikangoja aseme neno kubwa.

"Basi punguza ile sauti, binti yangu," akasema.

Nikamwambia siwezi. Akacheka mpaka kahawia ya meno yake ikaonekana, akagonga paa la gari langu kwa kiganja, akamwita mhudumu, akanilipia chai.